Sekunde Tisini

Soko la Ngamiani Jumamosi asubuhi halimpi mtu nafasi ya kutafakari. Ukisimama unasukumwa, ukitembea unakanyagwa, na ukiuliza bei unajibiwa na watu wanne ambao hukuwauliza. Katikati ya msukumano huo, mwezi wa Januari mwaka wa hamsini na sita, kijana mmoja aitwaye Uweso alisimama mbele ya mwuza magadi, shati lake jeupe limemganda mgongoni kwa jasho, akanyoosha gunia tupu.

"Jaza," alisema. "Nipe yote uliyonayo."

"Yote haya?"

"Yote."

Nyuma yake sauti ya kike ikasema, kwa upole wa mtu anayechokoza, "Samahani kaka yangu. Huo mlenda unaupikia kwenye chungu, au umeazima tangi la garimoshi?"

Wanawake waliokuwa karibu wakacheka. Uweso akageuka na jibu lake mdomoni, maana alikuwa amesoma sekondari na huko alisifika kwa majibu kuliko kwa hesabu. Aliyesimama mbele yake alikuwa msichana mrefu, buibui limeteremka mabegani, chini yake gauni la maua ya njano, viatu vyeupe vya turubai, na vidole vyote vya mkono wa kulia vya rangi ya zambarau kana kwamba amekamua wino kwa mkono.

"Si mlenda wa kula," alisema hatimaye. "Ni wa kazini. Kiwandani kwetu Nguvumali tunachemsha mwani na magadi, tunatoa ute wake, tunaukausha uwe unga. Unakwenda Ulaya. Wenye viwanda vya nguo wanauchanganya na rangi, ili ua likae mahali pake lisitambae."

"Kwa hiyo gauni langu hili limepita kwenye mlenda wako."

"Inawezekana sana."

"Ndiyo maana linateleza." Akapandisha bega. "Sasa bwana kiwanda, bibi yangu akikosa magadi bamia zake hazivutiki, na bamia zisipovutika hanisemeshi mpaka Jumatatu. Nifanyeje?"

Uweso akachukua pande kubwa kuliko yote guniani akampa. Msichana akalipima kwa kiganja.

"Hii ni sadaka au mahari?" aliuliza, na bila kungoja jibu, ambalo kwa kweli lisingekuja, akaongeza, "Naitwa Mwanasiti. Duka la dawa pale Usagara. Ukiumwa na kichwa, njoo."

Tangu siku ile Uweso akaumwa na kichwa kila siku ya Mungu.

Dukani kwa akina Mwanasiti kulikuwa na simu mezani, na kiwandani ilikuwepo moja katika chumba cha Bwana Tadeo, mkuu wa maabara, Mbondei mtaratibu aliyevaa tai hata wakati wa joto la kuyeyusha mshumaa. Kila Bwana Tadeo alipokwenda kula, Uweso alifunga mlango na kuomba nambari.

"Halo, duka la dawa."

"Naumwa na kichwa."

"Kile cha jana, au umepata kipya?"

"Kipya."

"Pole. Kunywa maji, lala, na usipigie simu watu walio kazini."

"Na kama maumivu yameshuka kifuani?"

"Hapo nitakuuzia dawa ya kikohozi, laazizi. Ni chungu, na mimi nitafurahi." Sauti yake ikashuka kidogo, maana tajiri wa duka alikuwa anapita. "Hebu niambie. Bibi kaniuliza yule mwenye magadi anafanya kazi gani, nikamwambia anapima mlenda kwa saa. Kasema nikupeleke kwa mganga."

"Mwambie hivi. Ule ute ni minyororo. Ni myembamba, jicho haliioni, lakini mirefu sana. Na kila pete ya mnyororo imebeba umeme kidogo, wa namna ileile. Umeme wa namna moja haupatani, pete zinafukuzana. Ila zimefungwa pamoja, haziwezi kukimbia. Kila moja ikimkwepa mwenzake, mnyororo mzima unajinyoosha."

"Kama wake wenza kwenye jamvi moja arusini."

"Enhe. Kila mmoja anajisogeza."

"Mpaka jamvi linakuwa fupi. Endelea, hiyo nimeielewa kukushinda wewe."

"Mnyororo ulionyooka unayazuia maji. Maji yanakuwa mazito, yanapita polepole kwenye mrija wangu wa kioo, nami nimesimama na saa. Yakichukua sekunde tisini au zaidi, ute ni mzuri. Chini ya tisini, mnunuzi hautaki."

"Na ukiutia kwenye spiriti? Hapa tunazo tele."

"Spiriti hauitaki kabisa. Maji ute unayapenda, unajiachia. Ukimimina spiriti unajikunyata, unajikunja nyuzinyuzi, unazama chini. Ndivyo tunavyoutoa majini tukitaka kuukausha."

"Basi una akili kuliko nusu ya wanaume wa mji huu," alisema Mwanasiti, akakata simu.

Mwezi mmoja wa maumivu ya kichwa ulitosha. Uweso akamwendea baba yake mkubwa, Mzee Jumbe, amfikishie posa. Mzee Jumbe akapeleka salamu kwa Mwinyijuma, ami yake Mwanasiti na mlezi wake, karani wa reli aliyestaafu, mtu ambaye hata sahani ya pilau aliipokea kana kwamba ataitilia mhuri. Mwinyijuma hakukataa. Alisema tu, "Kijana yuko kwenye majaribio ya kazi. Aliye kwenye majaribio ni kama hayupo. Mje Ijumaa ya mwanzo wa mwezi ujao, baada ya sala, mkiwa na barua ya kuthibitishwa kwake. Nitaisoma kwa macho yangu."

Barua hiyo Bwana Tadeo alikuwa ameahidi kuiandika Alhamisi, siku moja kabla, mara tu sanduku la sampuli za unga, la mnunuzi wa Ulaya, litakapopanda meli na cheti chake cha sekunde. Uweso akahesabu siku, akaona zinapangika vizuri. Hilo lingetosha kumtia wasiwasi mtu mwenye busara.

Juma moja kabla ya siku hizo, simu ya maabara ililia, na kwa mara ya kwanza mwenye shida alikuwa Mwanasiti.

"Mtambo wetu wa kuvukizia maji umepasuka," alisema. "Dawa ya macho haichanganywi kwa maji ya bomba, na tajiri anazunguka dukani kama kuku aliyepoteza kifaranga. Ninyi mnayo maji ya mvuke. Niazime tungi moja. Siku mbili tu, roho yangu."

Maji ya mvuke, yasiyo na kitu ndani yake ila maji, yaliletwa kiwandani na meli kutoka Mombasa mara moja kwa mwezi, katika matungi manne ya kioo yaliyovikwa vikapu vya ukili. Kutoa tungi nje ya maabara kulikatazwa, tena kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni. Lakini "roho yangu" haikuwa imeandikwa kwenye karatasi ile. Uweso akalifunga tungi kwenye baiskeli akalipeleka mwenyewe.

Siku mbili baadaye mtambo wa duka ukatengenezwa. Mwanasiti akalijaza tungi maji mapya mpaka shingoni, likalala nyumbani kwao Makorora, na asubuhi Uweso akalipitia. Bibi Kijakazi, nyanya yake Mwanasiti, alimkabidhi mwenyewe mlangoni, kwa mikono miwili, na tabasamu la mtu aliyetimiza jambo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba. Lako hilo, na ahsante yetu imo humo."

Uweso alidhani ni maneno ya adabu. Jumatatu, maji ya mwezi uliopita yalipokwisha, kama ilivyokuwa desturi akamimina matungi yote manne katika pipa kubwa la kioo lenye bomba chini, akapima ute wa sampuli, akabonyeza saa.

Sekunde hamsini na nane.

Akarudia. Hamsini na nane. Akaosha mrija kwa spiriti, akaukausha, akarudia tena. Hamsini na saba.

Kuna hofu inayokuja kwa kishindo, na kuna inayokuja polepole ikiwa imevaa miwani. Hii ilikuwa ya pili. Siku ya Jumanne Uweso akachukua unga wa gunia jingine, akapata hamsini na tisa. Saa nane mchana Bwana Tadeo akaingia, akasimama nyuma yake, akatazama ule ute ukiteremka mbio kama mtu anayewahi basi.

"Ninaona vizuri?" aliuliza Bwana Tadeo.

"Unaona vizuri, bwana."

"Juma lililopita ilikuwa tisini na sita."

"Ndiyo, bwana."

Bwana Tadeo akaregeza tai, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. "Alhamisi saa sita meli inaondoka. Sanduku lisipopanda, mwenye kiwanda atasema jaribio la unga huu limeshindwa, na mimi barua nitakayoiandika haitakuwa ile uliyozoea kuiota. Tafuta kilichotokea."

Uweso akatafuta. Aliwauliza akina mama walioleta mwani kama waliuokota mahali pengine, wakamtazama kama mgonjwa. Akabadilisha magadi. Akapima joto la chumba. Chakula kikamshinda. Mwanasiti alipopiga simu kumtania kwamba kichwa chake kimepona ghafla, alijibu "Naam" na "La" mpaka msichana akauliza kama amekosea nambari.

Jumatano asubuhi fikra ikamjia. Akachukua unga wa zamani, ule wa Desemba, uliokwisha kupimwa na kupita. Akauyeyusha, akapima. Hamsini na nane. Basi kosa haliko kwenye unga wowote. Unga wa zamani haukuwa na habari na shida za Februari. Kosa lilikuwa kwenye maji.

Akaonja maji ya pipa kwa ncha ya ulimi. Ulimi haukukamata kitu. Lakini mnyororo wa ute una ulimi mkali kuliko wa binadamu, na ulikuwa unajikunja. Matungi matatu yalitoka melini na lakiri zake. La nne lilikuwa limelala Makorora.

Akainua simu papo hapo, na mtu mwenye haraka ya namna hiyo angefanya vizuri kungoja.

"Mwanasiti, lile tungi mlitia nini?"

"Salamu zimekwisha siku hizi?"

"Ni jambo la haraka. Kuna kitu ndani ya maji. Mtambo wenu mnausafisha sawasawa?"

"Uweso, kwa maji hayo tunachanganya dawa ya macho ya watoto wachanga."

"Sisemi ni machafu. Nasema labda si safi."

"Kuna tofauti gani?"

Kwa mtu wa maabara ipo tofauti kubwa, na Uweso, maskini, akaanza kuieleza. Alifika hata kwenye mfano wa vumbi la chokaa.

"Nimekuelewa," Mwanasiti alimkata. Sauti yake ilikuwa imepoa kabisa, na hilo lilitisha kuliko ukali. "Kibarua chako kikitaka kuota nyasi, mlango wa kwanza kugonga ni wangu. Nilikuomba maji nikidhani naomba kwa mtu wangu. Kumbe nilikuwa naweka saini."

"Sikusema hivyo, mpenzi."

"Na Ijumaa mzee wako atakuja na nini? Na posa, au na hati ya mashitaka?"

Simu ikalia mlio mmoja mrefu sikioni mwa Uweso. Akaendelea kuishika muda mrefu kama mtu aliyepewa mtoto wa watu na mama hayupo.

Siku ile ikawa ndefu. Maji mengine ya mvuke mjini yalikuwa mahali pamoja tu, kwenye lile duka la Usagara, na yeye ndiye aliyekwisha kuyatukana. Mara mbili alipanda baiskeli mpaka njia panda, mara mbili akageuza. Angesema nini? Naomba yale maji yenu machafu?

Alhamisi, saa tatu asubuhi, mkokoteni wa hamali ukasimama nje ya maabara. Juu yake lilikuwepo tungi moja la kioo, na nyuma yake alitembea Mwanasiti, buibui amelifunga kiunoni kama anakwenda shamba, macho mekundu, kidevu juu.

Uweso akatoka. Hakujua aanze na samahani au na shikamoo.

"Sikuja kwa ajili yako," alisema Mwanasiti. "Nimekuja kwa ajili ya bibi. Maji haya nimeyavukiza jana mwenyewe, nimeosha mtambo mara tatu, na tajiri nimemwambia anikatie kwenye likizo yangu. Yachukue."

"Bibi amefanya nini?"

Mwanasiti akatazama pembeni. "Jana nilirudi nyumbani nimevimba. Akaniuliza, nikamweleza yote. Akaacha kuchambua mchele. Akasema, 'Mbona niliyetia ni mimi.' Nikamwuliza kutia nini. Akasema, 'Chombo cha watu tunakirudisha kitupu tangu lini katika nyumba hii, tena cha mkwe?' Nikamwambia bibi, hakikuwa kitupu, kilikuwa na maji. Akasema maji ndiyo yaliyoazimwa, hayahesabiki, hiyo si ahsante, huko ni kumrudishia mtu chake. Alitaka kutia mkate wa kumimina. Shingo ya tungi ikamshinda."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo akatia chumvi. Konzi moja. Na bismillahi juu yake."

Uweso akakaa chini, pale pale kwenye ngazi. Hakucheka, ingawa kicheko kilikuwepo mahali fulani kikingoja zamu yake.

"Chumvi," alisema. "Ikiingia majini inagawanyika, na upande wake mmoja una umeme wa namna nyingine. Unakwenda kuzizunguka zile pete, zikawa hazihisiani tena. Hakuna anayemkwepa mwenzake. Mnyororo unalegea, unajikunja, maji yanapita."

Mwanasiti alifikiri. "Wageni wamekaa katikati ya wake wenza."

"Hivyo hivyo."

"Na ugomvi ukaisha, na wewe ndiye uliyekuwa unauhitaji ugomvi." Mdomo wake ukacheza kidogo, halafu akakumbuka kwamba amekasirika. "Umekaa hapo na saa inakwenda. Inuka."

Wakaingia. Uweso akamwaga yaliyokuwemo pipani, akaosha vyombo vyote kwa maji mapya, akayeyusha unga. Ute wa mwani hauyeyuki kwa amri ya mtu. Unataka kukorogwa taratibu, na kungojwa mpaka kila tonge liachie. Saa nne ikapita. Saa nne na nusu. Bwana Tadeo akaja akasimama dirishani, akamwona msichana ndani ya maabara yake, akafungua kinywa, akaona uso wa Uweso, akakifunga.

Saa tano kasoro robo Uweso akavuta ute juu kwenye mrija, akaziba kwa kidole, akaachia, akabonyeza saa.

Ute uliteremka. Sekunde thelathini. Mwanasiti aliyakunja mikono ndani ya buibui. Hamsini. Jana hapa ulikuwa karibu kufika, na sasa ndiyo kwanza umevuka nusu. Uweso aligundua kwamba hapumui, akapumua kidogo, akaogopa kwamba pumzi yake imeusukuma. Sabini. Themanini. Tone la jasho lilimwingia jichoni, hakulifuta. Tisini ikapita, na ute ulikuwa bado unavuta miguu. Ukafika kwenye mstari wa chini.

"Tisini na tano," alisema.

Bwana Tadeo akaitazama saa mwenyewe. Akaagiza ipimwe tena. Tisini na tano. Akaketi mezani kwake, akaandika cheti, akasaini, akamwita dereva apeleke sanduku bandarini. Kisha akafunga kalamu yake.

"Sasa nieleze. Ilikuwa nini?"

Mwanasiti alikuwa amesogea karibu na Uweso kana kwamba anatazama mrija. "Sema maji yalifika mabaya kutoka Mombasa," alinong'ona. "Nani atajua? Barua iko mezani kwake, naiona."

Uweso naye aliiona. Ilikuwa imepigwa chapa tayari, jina lake juu kwa herufi kubwa, imebaki saini. Akaiona Ijumaa pia, na macho ya Mwinyijuma yakiisoma. Halafu akamwona karani asiyemjua huko Mombasa, akiitwa ofisini kuulizwa maji aliyojaza ameyatia nini.

"Ni mimi, bwana," alisema. "Nililitoa tungi moja nje ya maabara. Likarudi limeingia chumvi."

"Nani aliitia?"

"Mimi ndiye niliyelitoa."

"Sikuuliza hilo. Nimeuliza mkono wa nani."

"Tungi lilikuwa dhamana yangu, bwana. Basi mkono ni wangu."

Bwana Tadeo akamtazama, akamtazama na Mwanasiti. Akaivuta ile barua, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mtoto wa meza.

"Miezi mitatu zaidi ya majaribio," alisema. "Sikufukuzi, kwa kuwa umesema. Ungekuwa hukusema ningegundua, ningekufukuza. Rudi kazini. Na huyu binti apewe kiti, amesimama tangu saa tatu."

Ijumaa baada ya sala Mzee Jumbe alivaa kanzu yake ya hariri na koti, akachukua wazee wawili, akaenda Makorora bila barua. Mchumba haendi kwenye posa yake. Adabu inamtaka akae nyumbani atulie. Uweso alikaa nyumbani muda wa kunywa chai nusu kikombe, kisha akajikuta kwa kinyozi, ambaye kibanda chake, kwa bahati iliyopangwa, kilitazamana na nyumba ya Mwinyijuma.

"Nyoa ndevu," alisema.

"Ndevu zipi?" aliuliza kinyozi.

"Nyoa tu."

Kinyozi akampaka povu, akaanza shavu la kulia. Kila mlango wa nyumba ile ulipolia, Uweso aligeuza shingo, na kila alipogeuza shingo kinyozi alitoa wembe hewani na kumwomba Mungu msamaha. Wazee walikuwa wameingia saa saba na nusu. Saa nane ikafika. Posa inayokubaliwa haichukui muda huu wote, aliwaza. Wala inayokataliwa. Huko ndani wanafanya nini?

Mlango ukafunguka. Mzee Jumbe akatoka, akavaa viatu vyake pole pole, akakagua kama ni vyake kweli, akavuka njia kwa mwendo wa mtu asiye na deni na mtu. Akaketi kwenye benchi la kinyozi. Akatia tambuu kinywani.

"Baba mkubwa," alisema Uweso.

"Ngoja nitafune."

Akatafuna. Uweso aliona dunia yake yote ikizunguka ndani ya shavu lile.

"Mwinyijuma kaulizia barua," Mzee Jumbe alisema mwishoni. "Nikasema hakuna. Akauliza sababu, nikasema kijana kakosea kazini. Akaweka kikombe chini. Nikajua basi, tunaaga. Mara nyuma ya pazia akakohoa yule bibi mkongwe."

"Bibi Kijakazi?"

"Huyo. Akasema, 'Mwinyijuma mwanangu, aliyekosea ni mimi. Chumvi niliitia kwa mkono wangu huu uliokulea. Kijana aliulizwa jina langu mbele ya mkubwa wake, na barua iko mezani, akalimeza. Mjukuu wangu alikuwepo, alisikia. Sasa wewe unataka karatasi ya kukuambia mtu huyu ni mtu wa namna gani? Mimi nimekwisha kukuambia.'"

"Na yeye akasemaje?"

"Nani?"

"Mwinyijuma, baba mkubwa, kwa hisani yako."

"Unamjua, lazima alitafutie jambo faili. Kisha akasema arusi iwe baada ya hiyo miezi mitatu, lakini posa kaipokea leo. Tukasoma fatiha."

Uweso akafumba macho. Aliyafumbua haraka, maana lilikuwa limebaki swali moja, na hilo ndilo lililomsokota tangu Jumatano.

"Na Mwanasiti? Ameulizwa?"

"Ameulizwa na shangazi yake, mara tatu, kama ada. Mara ya kwanza kanyamaza. Ya pili kanyamaza."

"Na ya tatu?"

Mzee Jumbe akatema tambuu pembeni, akajifuta mdomo kwa leso. "Ya tatu kamwambia shangazi aache kuuliza, atoke akajibu upesi, maana kijana anazimia huko kwa kinyozi. Alikuwa anakuona kutoka dirishani muda wote."

Uweso akageuka. Ng'ambo ya njia, bawa moja la dirisha lilikuwa wazi kiasi cha upana wa uso, na ndani ya upana huo mtu alikuwa anacheka bila sauti, kanga imeziba mdomo, mabega yanatikisika. Uweso akainuka nusu. Mkono mzito wa kinyozi ukamrudisha kitini.

"Kaa," alisema kinyozi. "Mtoto wa watu anakutazama, na shavu moja bado lina povu."